Majina ya Sifa ya Odysseus: Shajara ya Mradi wa Masimulizi ya Sauti

3 Februari

Tumekubaliana. Tutafanya masimulizi ya sauti ya safari za Odysseus, shujaa anayerudi kwao Ithaca kutoka vita vya Troy, kwa Kiswahili, kutoka kwenye Odyssey, utungo wa Homer, mshairi wa Kigiriki cha kale, vipindi vifupi vya kusikiliza kwenye simu. Utungo wenyewe una vitabu 24 na mistari zaidi ya 12,000, kwa hiyo hatutausimulia wote. Mimi naandika matini, dada mmoja anasoma, kijana mwingine anarekodi na kuhariri.

Kabla ya kipindi cha kwanza kuna jambo la kuamua, kwa sababu litagusa kila ukurasa: majina ya sifa. Homer hapendi kumtaja mtu hivi hivi. Achilles, shujaa mwingine wa Troy, ni mwepesi wa miguu hata akiwa ameketi hemani kasusia vita. Alfajiri ina vidole vya waridi kila kunapopambazuka. Odysseus ndiye kajaaliwa rundo: mwingi wa werevu, mstahimilivu, mtukufu, mwingi wa mbinu, mvunja miji, mzawa wa Zeus, mwana wa Laertes. Simulizi nyingi zilizofupishwa huyafyeka yote zikabakisha matukio: jitu lenye jicho moja, mchawi, nguva, upinde. Kijana wetu wa sauti naye anataka hivyo hivyo. "Kaka, ukirudia maneno yale yale msikilizaji anaruka mbele." Nimemwomba aningoje nitengeneze rejista kwanza, tubishane tukiwa na kitu mezani.

10 Februari

Rejista imeanza. Ni jedwali la kawaida: kitabu na mstari, sifa iliyotumika, nani ameitamka, na Odysseus yuko katika hali gani wakati huo. Kigiriki nakisoma kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts, ambako ukibonyeza neno unafunguliwa kamusi. Kazi ya kujaza ni ya polepole na inachosha macho, lakini ile safu ya mwisho, ya hali, tayari inanifanya nisiinuke kitini.

Chukua mwanzo tu. Utungo unafunguka kwa neno "mtu", na mtu huyo anapewa sifa mara moja, polytropos, wa njia nyingi, wa kugeuka huku na huku. Jina halitajwi. Tunaambiwa ameubomoa mji wa Troy, ameona miji ya watu wengi, ameteseka baharini, wenzake wamekufa kwa kula ng'ombe wa Jua. Bado jina hakuna. Linakuja kwenye mstari wa 21, tena ndani ya sentensi ya hasira ya Poseidon, mungu wa bahari. Sifa imetangulia, mwenyewe akafuata.

Na hiyo polytropos, ambayo kila anayemwandika Odysseus huianzia, katika utungo mzima imo mara mbili tu. Mara ya pili ni kitabu cha 10, mstari wa 330. Mchawi Circe amempa kinywaji chake, amempiga kwa fimbo ili awe nguruwe kama wenzake, na hakuna kilichotokea. Anashtuka: basi wewe ndiye Odysseus wa njia nyingi, ambaye mungu Hermes aliniambia siku zote atapita hapa akitoka Troy na merikebu nyeusi. Mchawi anamtambua kwa sifa ile ile aliyoanza nayo mshairi. Hii hatuifyeki, na kijana wa sauti amekubali. Hii moja tu, anasema.

19 Februari

Leo nimepitia upya hoja ya Milman Parry, maana ndiyo silaha kubwa ya upande wa kufyeka. Parry, Mmarekani, alitetea tasnifu zake Paris mwaka 1928 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na alichoonyesha hakijapinduliwa hadi leo. Mstari wa Homer una mapigo sita yanayopimwa kwa silabi nzito na nyepesi, hauna vina. Mshairi akifika katikati ya mstari naye anataka kuumalizia kwa Odysseus, anayo polytlas dios Odysseus, mstahimilivu, mtukufu. Nafasi ikiwa ndogo zaidi, anayo polymetis Odysseus, mwingi wa werevu. Yakibaki mapigo mawili ya mwisho, dios Odysseus, mtukufu basi. Na pale ambapo mahadhi yanadai neno linaloanza kwa irabu, dios inampisha esthlos, mwema. Kwa kila ukubwa wa pengo kuna kifungu kimoja, ni nadra kuwa na viwili. Ni fundi wa dau mwenye mbao zilizokwisha kupimwa na kukatwa. Anachukua ya urefu anaoutaka na kazi inaendelea.

Mwingi wa werevu peke yake imo mara 80 hivi ukijumlisha Odyssey na Iliad, utungo mwingine wa Homer, ule wa vita vya Troy. Mstahimilivu, mtukufu, karibu mara 40. Hiyo si bahati mbaya ya mtu mvivu wa maneno. Kati ya 1933 na 1935 Parry alikwenda Yugoslavia na mtambo wa kurekodi kwenye sahani za alumini, akawakuta waimbaji wanaotunga papo hapo kwa vifungu vya namna hiyo. Mmoja wao, Avdo Međedović wa Bijelo Polje, asiyejua kusoma wala kuandika, mwaka 1935 alimpa wimbo wa mistari zaidi ya 12,000, yaani urefu wa Odyssey.

Sasa kijana wa sauti ananicheka. "Si umeona? Ni kujaza mapengo tu." Kuhusu namna sifa inavyochaguliwa, nakubali. Lakini mshairi huyo huyo anaamua nani azungumze, nani anyamaze, lini amwite Odysseus kwa jina na lini aseme "mgeni". Mbao zimekatwa zamani, sawa. Nyumba nani kaichora?

27 Februari

Jaribio la utenzi. Ilibidi tulifanye, kwa sababu mtu yeyote wa huku akisikia "shujaa" na "masimulizi" sikio lake linangoja mizani minane na kituo. Nikachukua mstari unaorudiwa kuliko yote, ule wa "akamjibu, akasema Odysseus mwingi wa werevu":

Akajibu kwa makini
Odise mwenye yakini
mwingi wa hila moyoni
maneno akayatoa

Unaimbika. Dada msomaji aliughani mara moja na ukakaa vizuri kabisa kooni. Ila tazama gharama yake. Jina limekatwa mkia. "Kwa makini" na "mwenye yakini" Homer hakuyasema, vina ndivyo vilivyoyaleta. Na ubeti ujao vina vikibadilika, kifungu kizima kinavunjika kitungwe upya, ilhali uzuri wa kile cha Kigiriki ni kwamba kinarudi vile vile bila kuguswa hata herufi. Mahali pekee ambapo kifungu kingeweza kurudi vile vile katika utenzi ni kipande cha nne, kwa kuwa kina chake hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Mtunzi hodari angeweza kuujenga utenzi wote juu ya kipande hicho. Mimi si huyo.

Tutatumia nathari ya kusema, na sifa ziwe vifungu vinavyotamkwa kwa mwendo mmoja kila zinapokuja. Jina libaki Odysseus.

12 Machi

Kitabu cha 9, pango la Polyphemus, lile jitu lenye jicho moja. Nimekaa hapa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote na sijutii.

Jitu linauliza wageni ni akina nani. Odysseus anajibu kwa tahadhari: sisi ni Waachaea (yaani Wagiriki), tunatoka Troy, ni watu wa mfalme Agamemnon. Jina lake halimo. Jitu linakula wenzake wawili jioni hiyo, wawili asubuhi, wawili jioni ya pili. Ndipo Odysseus anamnywesha divai kali aliyopewa na kuhani Maron, bakuli tatu, na akiulizwa jina anasema aitwa Hakuna. Zawadi yake, jitu linaahidi, ni kuliwa wa mwisho. Likalala chali, wakalitoboa jicho kwa mti wa mzeituni uliochomwa ncha moto. Homer anasema walikuwa wakiuzungusha kama mafundi wanavyozungusha keekee kwenye ubao wa merikebu. Majirani wakaja: nani anakuua? Hakuna, ndugu zangu, ndiye aniuaye. Basi wakajiendea zao.

Mpaka hapo kuwa bila jina kumemwokoa. Anatoka pangoni amejishikiza tumboni mwa kondoo dume mkubwa, anaingia merikebuni, anasukuma. Halafu anapiga kelele. Mara ya kwanza hajitaji, na jiwe la jitu linaangukia mbele ya merikebu, wimbi linawarudisha pwani. Wanapiga makasia hadi mbali maradufu. Wenzake wanamsihi kila upande: nyamaza, bwana, unamchokoza mtu huyu wa nini? Hasikii. Anasema (mistari ya 502 hadi 505) kwamba mtu akikuuliza nani kakutoa jicho, mwambie ni Odysseus mvunja miji, mwana wa Laertes, mwenye nyumba Ithaca.

Rejista ndiyo iliyonionyesha kilicho hapa. Hii ni mara adimu ambapo Odysseus anajipa mwenyewe sifa, na ni sifa ya vita. Anaitoa pamoja na jina la baba na mahali anapokaa, anwani kamili. Mistari ishirini na kitu baadaye jitu linainua mikono kwa baba yake Poseidon na kuomba: usimwache afike kwao huyu Odysseus mvunja miji, mwana wa Laertes, mwenye nyumba Ithaca. Maneno yale yale. (Mstari wa 531, ule wa baba na nyumba, haumo katika baadhi ya nakala za mkono, na wahariri wengine huutia mabano. Mimi ninauacha, maana bila huo dua inakosa mguu.) Kisha linaongeza: na kama ni lazima afike, afike kwa kuchelewa, katika dhiki, amepoteza wenzake wote, juu ya chombo cha wengine, na akute balaa nyumbani. Kila kipengele kitatimia.

Anayeomba dua mbaya huhitaji jina la mtu, hilo halihitaji kuelezwa kwa msikilizaji wetu. Jitu halikuwa nalo mpaka alipopewa na mwenyewe, pamoja na lakabu.

Nimemtumia kijana wa sauti mistari hii miwili sambamba, bila maelezo. Jibu lake: "Sawa, kaka. Rudisha zote." Kisha akataka tuirekodi dua kwa sauti ile ile iliyotumika kwenye majigambo, mwendo ule ule, ili sikio lenyewe likumbuke. Amenizidi hapo, sikuwa nimelifikiria.

20 Machi

Vitabu vya 10 hadi 12 vimepita upesi kwenye jedwali, na sababu yake inafurahisha: karibu havina kitu. Vitabu vinavyojaa visa, mfuko wa upepo wa Aeolus, Walaistrygonia waliovunja merikebu 11 kati ya 12, Circe, wafu, Scylla, ng'ombe wa Jua, ndivyo vilivyo maskini wa sifa. Odysseus mwenyewe ndiye msimulizi, yuko mezani kwa Waphaeacia, wenyeji waliomkaribisha, na anasema "mimi". Mtu hawezi kusema "mimi mwingi wa werevu nikajibu". "Mwingi wa werevu" ya mshairi inasikika pale tu mazungumzo yanaporudi mezani.

Zinazobaki ni zile anazoitwa na wengine. Circe humwita kwa mstari mzima, "mzawa wa Zeus, mwana wa Laertes, Odysseus mwingi wa mbinu", na Achilles naye humwita hivyo hivyo huko kwa wafu. Wanaonishangaza ni Sirens, wale "nguva" wa simulizi zilizofupishwa. Hakuna aliyewaambia nani anapita. Wanaita: njoo huku, Odysseus msifiwa sana, fahari kuu ya Waachaea. Huo ni mwito wa Iliad. Agamemnon aliutumia kambini Troy, na Nestor pia. Katika Odyssey uko hapa tu. Chambo chao ni Odysseus wa zamani, wa vita na sifa za wenzake, na wanaahidi kumwimbia yote yaliyotokea Troy. Amefungwa kwenye mlingoti, masikio ya wapiga makasia yana nta, na yeye anakunja uso kuwaashiria wamfungue. Dada msomaji ameusoma mwito huo kwa upole wa kuogofya, na sijamrekebisha chochote.

2 Aprili

Tumefika Ithaca. Waphaeacia wamemshusha pwani amelala, na akiamka haijui nchi yake. Mungu wa kike Athena anamjia katika umbo la kijana mchungaji, naye Odysseus, asiyejua anasema na nani, anamtungia uongo papo hapo kwamba ni Mkrete aliyekimbia baada ya kuua mtu. Mungu anatabasamu, anampapasa, na kumtolea sifa zake mwenyewe: mkaidi we, wa hila za rangi rangi, usiyeshiba ulaghai, hata nchini kwako hutaki kuacha? Matusi ya mapenzi. Wao wawili ndio wanaoelewana kuliko wote katika utungo huu.

Kisha Eumaeus, mtunza nguruwe wa Odysseus. Homer anampenda waziwazi: anamwita mtukufu kama anavyomwita bwana wake, na mara 15 hivi anaacha kusimulia na kumsemesha yeye mwenyewe, "ukamjibu, Eumaeus, ukasema". Hakuna mwingine katika Odyssey anayesemeshwa hivyo. Dada aliuliza asomeje. Tumeamua ageuke kidogo kuelekea maikrofoni, kana kwamba Eumaeus yupo chumbani.

Mzee huyu anamkaribisha ombaomba asijue ni nani, na katika kitabu cha 14 anamweleza habari za bwana wake aliyepotea. Jina la Odysseus linamtoka, na hapo hapo anaona haya: mgeni, mimi hata asipokuwepo naona aibu kumtaja kwa jina, alinipenda mno, namwita kaka yangu mkubwa, ingawa yuko mbali. Kijana wa sauti alisimamisha rekodi. "Kama mama anavyomwita mzee," akasema. Mama yake hajawahi kumtaja mumewe kwa jina mbele ya watu. Tukarudia upya bila kuongeza neno.

Baadaye kidogo, mstari wa 447, Eumaeus anajaza kikombe cha divai na kumkabidhi mgeni aliyevaa matambara. Mshairi anasema amekiweka mikononi mwa Odysseus mvunja miji. Sifa iliyomponza baharini iko kwenye banda la nguruwe, na mwenye banda hana habari.

15 Aprili

Ukumbini. Wachumba wanaomtaka Penelope, mke wa Odysseus, ni 108, ukifuata hesabu ya mwanawe Telemachus katika kitabu cha 16: 52 kutoka Dulichium, 24 Same, 20 Zacynthus, 12 wa Ithaca yenyewe. Wote wanamwita mgeni, ombaomba, mlafi. Antinous, mmoja wao, anamtupia kigoda kikampata bega la kulia. Siku ya pili Ctesippus anamtupia kwato la ng'ombe. Na muda wote huo mshairi hajampunguzia hata sifa moja. Muda mfupi kabla ya kigoda kutupwa, Odysseus anarudi nyuma na kusema neno, na mstari ni ule ule wa kawaida, mwingi wa werevu. Wachumba hawausikii mstari huo. Sisi tunausikia. Ukiufyeka, msikilizaji wako anakaa pamoja na wachumba.

Ndiyo maana mstari wa kwanza wa kitabu cha 22 tumeupa pumzi ndefu kabla yake. Ameupinda upinde akiwa ameketi, kwa wepesi wa mwimbaji anayekaza uzi wa kinubi, mshale umepita katika mashoka 12. Sasa: "Akajivua matambara, Odysseus mwingi wa werevu, akarukia kizingiti." Ni kifungu kile kile cha kujazia. Safari hii kimemvaa mtu mbele ya watu wote. Mshale wa kwanza ni wa Antinous, kooni, kikombe kikiwa kinaelekea mdomoni.

Mauaji yenyewe tumeyafupisha sana. Ni marefu, na kuna kunyongwa kwa vijakazi 12 ambako kunahitaji kipindi chake na utangulizi wa watu wazima.

28 Aprili

Penelope. Nimepekua rejista kutafuta anamwita mumewe kwa sifa gani wanapotambuana, nikakuta safu iko tupu. Anamjaribu kwa kumwambia kijakazi mzee Eurycleia akitoe nje kitanda. Odysseus anawaka, nani amekihamisha kitanda changu, nilikijenga mwenyewe juu ya shina la mzeituni lenye mizizi ardhini? Magoti yanamlegea mama wa watu, anamkimbilia, anamkumbatia shingoni, na la kwanza analosema ni "Usinikasirikie, Odysseus." Jina tupu. Mchawi alikuwa na sifa, Sirens walikuwa nayo, jitu likaomba kwayo, wafu wanazo. Mke hakutumia hata moja.

Kijana wa sauti alitaka muziki hapo. Tumekataa, mimi na dada.

Kwa Laertes, baba yake Odysseus, vilevile hakuna sifa. Mwana anajitambulisha kwa kovu la nguruwe mwitu na kwa miti ambayo baba alimpa akiwa mtoto: miperi 13, mitofaa 10, mitini 40, na safu 50 za mizabibu alizoahidiwa. Tumeirekodi hesabu hiyo yote bila haraka.

Hali ya kazi: vipindi vya pangoni, vya Circe na vya Eumaeus vimekamilika. Ukumbi unangoja kuhaririwa. Kitabu cha 11 hakijaandikwa, na humo kuna agizo la mtabiri Tiresias kwa Odysseus la kubeba kasia bara hadi atakapokutana na mtu atakayelidhani chombo cha kupepetea nafaka. Nataka kipindi kizima kwa hilo peke yake. Kijana wa sauti ameshaniuliza kama Iliad ina majina mengi zaidi. Nimemwambia ayahesabu yeye, jedwali ninalo.